Mahindi ya Nje ya Geti

Mwishoni mwa mvua za mwaka 1991, Telesfori Lyamba alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo la changarawe akisubiri maji yakauke. Kila masika shimo lile liligeuka bwawa, kina mama wa makazi ya wakimbizi wakaloweka mihogo humo. Kila kiangazi likawa shimo tena, matipa yakarudi. Telesfori, mtu wa Mpanda mjini asiye na maneno mengi, ndiye aliyekuwa msimamizi, na mwaka huo alitakiwa kupanga wapi shimo lipanuliwe.

Changarawe ilikuwepo pande mbili. Mashariki ilikuwa chini ya miti ya miombo, na kung'oa visiki kungekula nusu ya kiangazi, wakati barabara ya Mpanda ilitakiwa kumwagiwa changarawe kabla mvua hazijarudi. Magharibi lilikuwa shamba la Générose, ambaye watu walimwita Mama Emelyne. Telesfori aliwaza siku nzima, akachagua magharibi.

Générose alikuwa mjane. Alikuja kutoka Burundi miaka ya sabini, akafyeka pori lile na mumewe, na sasa alilima peke yake kulisha wajukuu. Ofisi ya makazi ilisema ardhi yake ni ya serikali, kwa hiyo hapakuwa na cha kumlipa. Angeonyeshwa pengine pa kulima. Hakuonyeshwa.

Telesfori alikwenda kumweleza mwenyewe. Alimkuta akivunja mahindi. Générose alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Mwanangu," alisema, "kwetu nilifukuzwa na wenye bunduki. Wewe umekuja na kamba ya kupimia. Ngoja nimalize kuvuna."

Telesfori alingoja. Générose alipomaliza, udongo wa juu ukasukumwa pembeni, na changarawe ya chini ikapakiwa kwenye matipa. Yalitoka nje ya geti la makazi, yakaimwaga kwenye barabara iendayo Mpanda kupitia kijiji cha Litapunga. Greda likaisawazisha, ikashindiliwa vizuri.

Katikati ya kiangazi, nyasi zote zikiwa zimeungua, mahindi yakaota barabarani.

Yaliota kwa mistari, mawili mawili kila shimo, maharage katikati, maboga pembeni, kama Générose alivyozoea kupanda. Madereva walitoa taarifa kama wanavyotoa taarifa ya daraja bovu. Dereva wa greda aliyakwangua. Asubuhi yalikuwa yamesimama tena, marefu zaidi ya jana. Hakuyagusa tena. Madereva walijifunza kupitisha magurudumu katikati ya mistari, na basi la Mpanda likawa linafika na majani mabichi yamenasa kwenye bampa.

Watu wa Litapunga walimenya hindi moja, wakaona punje zenye madoa mekundu. Mbegu ile walikuwa wakibadilishana na Mama Emelyne miaka yote, walipoingia makazini. Wakasema mahindi ni yake, wakaliacha shamba lake.

Tatizo lilikuwa geti. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na mahindi yalianzia nje yake, hatua chache tu. Kila asubuhi Générose alikuja na jembe lake, akasimama upande wa ndani, akayatazama yakikomaa. Eustace, mlinzi, alimtolea kigoda.

Telesfori alikwenda ofisini kumwombea kibali. Ofisa alikuwa mtu mstaarabu, alimkaribisha akae.

"Mahindi ni yake, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini kibali tunatoa kwa ugonjwa, msiba na masomo. Cha kuvuna hatuna."

Telesfori alivunja mahindi mwenyewe, akajaza gunia, akalipitisha getini ndani ya tipa. Eustace akageuka kutazama upande mwingine. Générose alilipokea, akamenya hindi moja, akalinusa.

"Yamepata vumbi la magari," alisema. Kisha akasema, "Mwakani mkichimba nilipojenga, changarawe yake mwageni huku ndani. Nami niweze kufika."

Telesfori alishangaa kidogo, kwa kuwa mpango wa mwakani ulikuwa bado kichwani mwake. Alipeleka ombi lile mkoani, akajibiwa kwamba barabara za ndani ya makazi hazimo katika mpango.

Kiangazi kilichofuata nyumba ilibomolewa. Générose na wajukuu walihamia kwa jirani, Libérat, wakapewa chumba kimoja. Changarawe ya chini ya nyumba ilimwagwa ng'ambo ya mahindi, na haikuchukua muda, jioni kukawa na moshi wa kupikia ukipanda kutoka barabarani, na harufu ya maharage. Jogoo aliwika chini ya changarawe. Baadaye ukainuka mlango na miimo yake, mlango wa mbao wenye komeo la waya, ukasimama wima katikati ya barabara. Matipa yaliuzunguka. Mabasi yalipunguza mwendo, kama mtu anayekatiza uani kwa watu.

Jioni Générose aliwasimamisha madereva getini, akawauliza habari za kwake. Walimweleza bila haraka: moshi leo ni mwingi, maboga yametambaa hadi mtaroni. Siku moja Telesfori alikuwa akienda Mpanda kupeleka mpango wa msimu ujao, akamsalimia. Générose aliitikia, akashika ukingo wa dirisha la gari.

"Mlango umefungwa?"

"Jana niliuona uko wazi, mama."

"Ukipita, nirudishie. Mbuzi wa Litapunga wataingia."

Telesfori alipofika pale aliteremka. Moshi ulikuwa unatoka, na ndani mtu alikohoa, kikohozi cha mwanamume mzee. Telesfori alipiga hodi kwa adabu, akaambiwa karibu. Alijibu kwamba ana haraka. Akaurudishia mlango taratibu, akafunga komeo, akapanda gari.

Mpango ulipitishwa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Libérat, akamkuta shambani, akamweleza kwamba changarawe imeelekea upande wake.