Safisha Kidole, Jaribu Tena

Mfumo wa kugawa mbegu ulipoletwa Rungwe Mpya, mimi Winnie ndiye niliyekalishwa mezani na kishikwambi, na Fidele aliyeuandika akarudi Kasulu kunywa chai yake kwa amani. Nasema kwa amani kwa sababu wakulima walikuwa wakinifokea mimi, si yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua tatu. Mfumo unasoma kidole, unatafuta kaya ya mwenye kidole, kisha unaomba idhini kwa kompyuta kuu iliyoko Kasulu. Hatua yoyote ikikwama, inarusha kosa lile lile: haikupatikana. Fidele akaona kushughulikia kila hatua peke yake ni kujichosha bure. Akazifunga zote pamoja, akalidaka kosa mahali pamoja na kuliandikia jibu moja: Safisha kidole, jaribu tena. Wakulima, alinieleza, shida yao ni udongo.

Basi nikaweka beseni, sabuni na ndimu mlangoni. Na kusema kweli, ilisaidia. Mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi, kwa hiyo mtu akinawa taratibu, akirudi mezani anakuta Kasulu imeamka. Anapewa mbegu zake za maharage, anaisifu sabuni. Beseni likapata heshima ya maji ya baraka. Wengine walinawa hata kabla ya kusalimia.

Mama Epifania Ininahazwe hakubahatika. Mumewe, mzee Habonimana, alikuwa kitandani na mgongo, hivyo alikuja yeye. Mvua zimeshaanza, shamba limeshalimwa, na ghala halitoi hata punje bila mfumo kukubali. Akanawa. Safisha kidole, jaribu tena. Kesho yake akarudi amejisugua kwa ndimu, halafu kwa jiwe la kusugulia miguu, halafu kwa mchanga na majivu kama anasugua sufuria. Nilimpigia Fidele simu, akaniuliza kama huyo mama ananawa vizuri. Nilimkatia simu kwa hasira. Mama nikamwomba apumzishe mikono, naye akanijibu kwa upole kwamba mvua haipumziki.

Nikagoma kufungua ofisi. Hapo ndipo Fidele alipokuja na kompyuta yake. Akatenganisha hatua, kila moja na jibu lake, kisha akaingiza jina la mama bila kidole ili tuone linakwama wapi. Kioo kikasema: Jina la mwisho halifanani na la mkuu wa kaya.

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake anapozaliwa, na mke hubaki na lake; nyumba nzima inaweza isiwe na majina mawili yanayofanana. Wakuu wa kaya waliokuja wenyewe ndio waliopita.

"Fidele, baba yako anaitwa nani?"

"Nsabimana."

"Na wewe ni Niyitegeka. Kwa mfumo wako huu, wewe ni mtoto wa nani?"

Alilifuta sharti lile huku masikio yamemwiva. Sasa, alisema, kila kosa litajisema lenyewe.

Tukamwita mama Epifania. Alikuja mbiombio na kiroba chake kitupu, akatusalimia mwakeye, akaweka kidole. Tukasubiri. Kioo kikaandika: Alama za kidole hazisomeki.

Fidele akamshika mkono, akaugeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu na laini, hazina mstari hata mmoja. Tangu mvua zianze, hiyo ndiyo mara ya kwanza mfumo kumwambia kweli, na nilitamani ungemdanganya.

"Imesemaje, mwanangu?" mama aliuliza.

Fidele alinitazama mimi, mimi nikatazama meza. Mama akaweka kiroba chini, akakunja mikono ya blauzi, akaelekea kwenye beseni.