Picha ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Siku kumi na moja kabla ya usaili wa ubalozini, Unyasi alipanda ngazi hadi ofisi ya wakala aliyemwandalia ombi la kuhamia ng'ambo, kuomba nakala ya faili lake. Hakuwa na shaka na mtu. Alitaka tu kulisoma kwa utulivu, maana mumewe alikuwa amesikia kwamba maofisa wa ubalozi wanaweza kukuuliza jambo dogo la miaka mitano nyuma, na ukibabaika kidogo tu, umekwisha. Wakala alikuwa ametoka. Karani wake, binti mpole aliyekuwa na mafua siku ile, alitoa nakala kwenye mashine, akazibana, akamkabidhi bila kuuliza neno.

Unyasi akakaa kwenye benchi la korido, akaanza kufunua.

Alikuwa mwanasarakasi. Jina lenyewe la Unyasi alipewa na watazamaji, kwa jinsi alivyopinda pasipo kuvunjika, na likamganda hata mama mkwe akawa anamwita hivyo. Kwa miaka tisa alikuwa amejiajiri mwenyewe: hotelini mwisho wa juma, kwenye harusi, kwenye sherehe za shule. Miaka minne ya mwisho kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha. Alikodi ghala lililokuwa la magunia, akatandika magodoro ukuta hadi ukuta, akawafundisha watoto kupinduka, na siku mbili kwa wiki akawafundisha wazee namna ya kuanguka bila kuvunja nyonga. Nchi waliyotaka kuhamia ilikuwa na mlango kwa watu wa aina yake: wasanii na wanamichezo wanaojiajiri, wenye uzoefu wa miaka isiyopungua miwili, na wanaoweza kuonyesha kwamba wakifika watajitegemea kwa kazi ile ile. Angekwenda na mumewe na binti yao wa miaka sita, Kidoti. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alipenda kusema kwamba mlango wenyewe ni mwembamba kweli, lakini yeye kaoa mtu anayejua kupita katikati ya pete.

Kurasa za mwanzo zilikuwa sawa. Cheti cha ndoa, barua za shule mbili, mkataba wa hoteli. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa barua ya kundi la sarakasi ambalo hakuwahi kulisikia, ikisema kwamba amezunguka nalo nchi tatu kwa muda wa miaka miwili. Aliisoma mara mbili, akidhani karani amechanganya mafaili. Jina lilikuwa lake, tarehe ya kuzaliwa yake.

Kisha akafika ukurasa wa kumi na saba. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyesimama kwa mikono yake juu ya nguzo, miguu imepinda mpaka visigino karibu viguse kichwa, uso umegeukia pembeni. Chini yake palikuwa pameandikwa jina la Unyasi. Lakini chini ya goti la kushoto palikuwa na kovu lililojikunja kama mwezi mchanga, na Unyasi alilijua kovu lile kuliko alivyoyajua makovu yake mwenyewe.

Alikuwa Pacha.

Hawakuwa ndugu. Watu waliwaita mapacha kwa sababu walifanana kimo na walivaa nguo moja jukwaani, na yule mwenzake ndiye aliyebaki na jina. Miaka minne iliyopita, kwenye ukumbi wa hoteli, Unyasi akiwa chini na Pacha akiwa amesimama kichwachini juu ya viganja vyake, mikono yao iliachana. Pacha aliangukia mgongo. Hakutembea tena. Mwaka wa kwanza Unyasi alikwenda kumwona kila wiki, kisha kila mwezi, kisha akawa anamtuma mumewe na vijizawadi. Sasa ulikuwa mwaka na nusu hajakanyaga mlangoni pale. Hakumchukia, wala hakumsahau. Aliogopa kwamba siku moja Pacha atamtazama na kumuuliza ni nani aliyeachia.

Alikuwa bado ameshika ukurasa ule wakala alipopanda ngazi. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini, wala hakushtuka. Alimkaribisha ndani, akamtilia maji kwenye glasi.

"Dada yangu, faili lako lilikuwa jembamba," alimwambia. "Nimelinenepesha kidogo. Ile picha niliiona kwenye bango lenu la zamani. Nani atajua?"

Unyasi akamwomba aviondoe vile vitu. Wakala akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari. Faili lilishapokelewa miezi minane nyuma, alisema, na maji yakimwagika hayazoleki. Halafu akafunua fomu ya mwisho, akaweka kidole penye saini.

"Hii ni ya nani? Ni yako. Mimi humu simo. Ukiwaambia ni uongo, mwongo ni wewe, na mtafungiwa miaka mitano, wewe, mumeo na mtoto. Ukinyamaza, ni robo saa tu, umepita."

Pasi yake ya kusafiria ilikuwa imefungiwa kwenye saraka ya meza ile. Wakala akasema atampa mwenyewe, asubuhi ya usaili, getini.

Tangu hapo Unyasi hakuwa na raha. Simu ikilia, aliiacha mpaka ikanyamaza. Darasani alimshika mtoto mmoja kiunoni kumsaidia kupinduka, akamshusha kabla hajapinduka na kujifanya anatafuta kitambaa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba kila njia aliyoitazama ilikuwa na shimo. Akisema ukweli, amemfungia mtoto wake mlango. Akisema uongo, atakaa ng'ambo roho juu miaka yote, akingoja siku mtu atakapolifunua faili tena. Na juu ya hayo yote kulikuwa na ile miguu ya mwenzake, ambayo angeulizwa na kujibu kwamba ni yake.

Alipoambiwa, mumewe kwanza alisema wanyamaze, picha ni picha tu, watu wanaingia kwa makubwa zaidi ya hayo. Siku ya pili, akiwa bado na miwani ya kazi kichwani, alikuja mwenyewe kuyatengua maneno yake.

"Kiungo kibovu hakionekani siku unapopaka rangi," alisema. "Kinaonekana siku geti linapomwangukia mtu. Mimi pia naogopa, mama Kidoti. Lakini atakayekaa kwenye kile kiti ni wewe. Utakalosema, tutalibeba wote."

Siku tatu kabla ya usaili, Unyasi alijikaza kisabuni akaenda kwa Pacha.

Alimkuta sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele ya cherehani, akishona nguo za wachezaji. Palijaa vipande vya kitambaa cha kung'aa mpaka mtu akose pa kukanyaga. Pacha alimtazama tangu miguu hadi kichwa, akasema kwamba amekonda, na kwamba kama amekuja kuomba kushonewa, foleni ni ndefu. Unyasi alitaka kucheka, akashindwa. Akamwekea ukurasa wa kumi na saba mapajani na kumweleza yote, kwa haraka, macho yakiwa sakafuni.

Pacha aliutazama muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kovu.

"Nilikuwa mzuri," alisema.

"Nisamehe."

"Kwa picha, au kwa ile siku?"

Ndilo swali alilolikimbia mwaka na nusu, na sasa lilikuwa limekaa naye chumba kimoja. Unyasi akasema kwamba hajui, kwamba kila akifumba macho anaona vidole vyake vikifunguka, na hajui kama vilifunguka vyenyewe au aliviachia.

"Mimi ndiye niliyeteleza," Pacha alimwambia. "Nilichelewa kufika, nikapanda bila poda mikononi. Nilikuwa najua tangu hospitalini. Nikangoja uje nikuambie, ukawa unaongea habari za hali ya hewa. Halafu ukaacha kuja, nikakasirika, nikasema basi, na abaki hivyo hivyo." Akaukunja ukurasa, akamrudishia. "Hilo ni kosa langu. Lakini miguu hii usiwape. Waambie ni ya nani."

Walilia kidogo, kila mtu upande wake wa cherehani. Kisha Pacha akamwambia asogee, anakanyaga mkono wa vazi la mtu.

Asubuhi ya usaili wakala alikuwa getini kama alivyoahidi, na tabasamu lake. Alimpa pasi, akamnong'oneza kwamba atamngoja ng'ambo ya barabara. Ndani palikuwa na baridi ya mashine, viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, na watu walioshika bahasha wasiotazamana. Namba yake ilipoitwa, Unyasi alisimama. Alikuwa amewahi kusimama kwa mkono mmoja juu ya viti vitano vilivyopangwa, mbele ya watu mia nne, wala hakuwahi kuogopa namna ile.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Aliuliza habari za mume, za mtoto, za ghala la mazoezi. Aliuliza angefanya kazi gani huko, na Unyasi akaeleza habari za wazee wanaofundishwa kuanguka. Ofisa akauliza mara mbili namna wanavyofundishwa, akaandika. Kisha akafunua kurasa, moja baada ya nyingine, taratibu. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Ofisa akaigeuza picha imwelekee. "Hapa ni wapi?"

Kwa nukta chache Unyasi alijua kwamba anaweza kutaja mji wowote, na maisha yakaendelea.

"Huyo si mimi," alisema. "Ni mwenzangu. Alianguka, hatembei tena. Na ile barua ya ukurasa wa kumi na nne ni ya uongo. Sikuziweka mimi, lakini nilitia saini bila kusoma. Nimeziona wiki iliyopita."

Ofisa aliweka kalamu chini. Akauliza nani aliyeziweka, Unyasi akamtaja. Ofisa akachukua faili, akatoka, mlango ukajifunga wenyewe. Unyasi alibaki na kiti kitupu mbele yake na saa ya ukutani. Dakika kumi. Ishirini. Alisikia nyayo koridoni, akadhani ni askari wanakuja kumchukua, akaanza kuwaza nani atakayempitia Kidoti shuleni. Nyayo zikapita. Baada ya dakika arobaini ofisa alirudi na mzee mmoja aliyemfanya arudie maneno yote tangu mwanzo, akayaandika, akamsomea, akamtaka atie saini. Safari hii aliisoma kila sentensi kwanza. Hawakumwambia lolote zaidi ya kwamba atajibiwa kwa barua.

Nje wakala alivuka barabara akiwa na tabasamu. Unyasi akamwambia amesema kila kitu. Yule mtu aliangalia geti la ubalozi, kisha mlinzi, kisha saa yake, akaondoka kwa hatua fupi fupi bila kuaga. Kesho yake ofisi ilikuwa imefungwa, na karani alikuwa amesimama chini ya ngazi akingoja mtu wa kumfungulia.

Barua ilichukua wiki kumi na moja, na wiki hizo Unyasi hakuwa na usingizi wa maana. Ilipofika, mumewe alikataa kuifungua, naye akakataa, mwisho wakaifungua pamoja, kila mmoja ameshika ncha. Ombi lilikuwa limekataliwa, kwa kuwa ushahidi uliomo hauaminiki. Mstari wa chini ulisema kwamba mwombaji alieleza uongo huo mwenyewe kabla haujagunduliwa, kwa hiyo hafungiwi, na anaweza kuomba upya.

"Sasa hii ni habari mbaya au nzuri?" mumewe aliuliza.

"Sijui. Isome tena."

Waliomba upya bila wakala. Faili la pili lilikuwa jembamba kweli: barua za shule, risiti za ghala, picha za wazee waliolala chali juu ya magodoro wakicheka, na barua ya Pacha, ya kurasa mbili, iliyoeleza walivyofanya kazi pamoja na jinsi ile kazi ilivyokoma. Majibu yalikuja baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Walikubaliwa.

Siku ya safari, foleni ya ukaguzi ilipowafikia, Kidoti alimvuta mama yake mkono, akamuuliza kama anaogopa. Unyasi akamwambia ndiyo, anaogopa sana, kisha akatoa pasi tatu na kuzipanga juu ya kaunta.