Wa Ngapi

Maonyesho ya kazi za vijana wa kijiji cha Wamaza yalifanyika katika uwanja uleule wa shule ambamo Falone, akiwa na miaka kumi, alisimama na kikapu chake akingoja kuitwa. Siku hizo mwalimu aliwapanga wote kwa nafasi. Falone aliitwa wa tano. Hakuna aliyemwambia kikapu kilikosa nini, na mpaka leo, akisikia harufu ya matete mabichi, anatamani kuuliza.

Sasa alikuwa amerudi kutoka Kasongo na diploma ya kilimo, naye ndiye mwamuzi. Alileta karatasi ya vipimo: kila kazi ipimwe kwa vipimo hivyo, si kwa kazi ya jirani. Inayotimiza vyote inapata kitambaa cha kijani; inayopungukiwa kimoja, cha njano; zaidi ya hapo, hakuna kitambaa.

Sabuni ya Chimène, ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, ilitoa povu zuri lakini ilichoma mkono. Njano. Kijani hakupata mtu, na njano ilikuwa hiyo moja tu.

Baba yake Chimène, papa Ilunga, alikuwa ametamka mbele ya majirani: binti akiwa wa kwanza, atakwenda kusoma Kasongo. La sivyo, aende kwa shangazi yake kule Salamabila, akawauzie wachimbaji wa dhahabu chakula.

"Falone, mutoto wangu iko wa ngapi?"

"Hatupangi tena, papa. Sabuni yake imepungukiwa kitu kimoja."

"Watoto kumi na wawili wamesimama pale, na hakuna wa kwanza? Hata kuku wakikimbia, moja iko mbele."

Watu wakacheka. Chimène alimkazia Falone macho. Neno moja lingetosha, na halingekuwa hata uongo. Falone alilimeza, akamsogezea mzee sabuni na beseni la maji.

Papa Ilunga alinawa, akakunja uso. "Inauma." Akamgeukia binti. "Ulijua?"

"Nilijua, papa. Inataka majuma manne ikauke, ukali uishe. Nilikuwa na mawili tu."

"Na ukaileta hivyo hivyo?"

"Ulisema niwe wa kwanza. Hukusema isiume."

Mzee alijipangusa mkono kwenye suruali, taratibu, majirani wakimtazama.

"Masomo Kasongo yanaanza mwezi wa tisa," alisema mwishowe. "Mpaka hapo itakuwa imekauka. Utaondoka nayo. Sitaki uunguze watoto wa watu."