Randa Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Mimi chuma kilichopakwa rangi mpya sikiamini. Mtu hapaki rangi mashine ya miaka sitini kwa sababu anaipenda, anapaka kwa sababu kuna ufa. Ndiyo maana nikienda mnadani natembea na vitu vitatu: rula ya chuma, sumaku ndogo na kisu butu cha kukwaruzia. Mke wangu Lorene husema ninacho na cha nne, roho ya polisi. Siku ya mnada wa ile randa nilikwenda na vyote vinne.

Karakana yangu ya useremala iliungua kwa radi msimu wa kuvuna mahindi. Ndugu wa kanisa walikuja na nyundo zao, kufikia jioni ya siku moja jengo jipya likawa limesimama. Waliposema sasa wachange kwa ajili ya mashine, nikakataa. Nilisema jengo linatosha, mashine nitanunua mwenyewe. Mtu anayekupa leo, kesho anaingia kwako bila hodi.

Kwa hiyo nikaenda kuajiriwa kiwandani, kule wanakotengeneza nyumba za magurudumu za Waingereza wanaopenda kusafiri na choo chao. Waingereza ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kanisa letu, hata kama babu zao hawakuwahi kuiona Uingereza. Gari la kiwanda lilinichukua watoto wakiwa wamelala, nikarudi nikiwa sina la kusema na mtu. Niliichukia kazi ile. Nilitaka kufanya kazi nyumbani, nisikie Lorene akiniita chakula kimeiva. Ila bila mashine ya randa hakuna karakana, maana ubao ambao haujanyooka hauwezi kuwa kiti.

Ndipo shule moja ya mjini ikafunga darasa lake la useremala na kutangaza kuuza mashine zake. Kati ya hizo kulikuwa na mashine ya randa, pana inchi ishirini na nne, ya chuma kizito cha zamani. Anayejua minada hutafuta mashine za shule, maana zimefanya kazi saa mbili kwa wiki, tena mwalimu akiwa amesimama nyuma. Halafu mota yake ilikuwa ya ule umeme mkubwa wa viwandani ambao Mwingereza hana nyumbani kwake, kwa hiyo huikimbia. Sisi umeme hatuutumii, kanisa linatukataza. Mota tunaing'oa siku hiyohiyo, tunaweka puli, gurudumu la kupitishia mkanda, na mkanda wenyewe, injini ya dizeli inazungusha. Kinachowafukuza wengine ndicho sisi tunachokitupa.

Siku ya kukagua nilifika mapema. Rula ilikaa juu ya meza ya randa bila kuacha mwanga chini yake. Sumaku ilishika kila mahali, maana yake hakuna ufa uliozibwa. Rangi ilikuwa ileile ya kijani iliyotoka nayo kiwandani, imefutika tu pale mikono inaposhika. Mashine haikuwa na kasoro hata moja, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nilipozunguka nyuma nikaona buti mbili zimetokeza chini ya mashine. Nilizijua. Zilikuwa za Freeman Schlabach, kaka yake Lorene, mwenye karakana kubwa kuliko zote huku kwetu, ambaye pia hununua mashine na kuziuza jimbo la Ohio kwa bei ninayoona haya kuitaja.

"Umepoteza kitu, shemeji?" nikamuuliza.

Akatoka taratibu, akajipangusa grisi kwenye suruali. "Naangalia tu."

"Kuangalia gani huko, tumbo juu?"

"We Orva, ungekuwa mshenga ungemkagua bibi harusi meno," akasema, akaenda zake.

Nikainama nione alichokuwa anakitazama. Kwenye ncha ya ekseli kulikuwa na alama ya chaki na namba mbili zimeandikwa kando. Mtu haandiki namba kwenye kitu asichokitaka. Nikasogea walipokuwa wenzangu wa kanisa kando ya msumeno wa mkanda, wote wakanyamaza. Shemasi wetu, Ora Yutzy, akaanza kuzungumzia mvua, na angani hakukuwa na wingu.

Asubuhi ya mnada nilimkuta Lorene ana unga mpaka kwenye viwiko. Nikahesabu pai kumi na moja mezani.

"Tuna wageni gani?"

"Watu hula, Orva."

"Pai kumi na moja?"

"Ya kumi na mbili iko jikoni." Akanitengeneza ukosi, kitu ambacho hakifanyi siku za kazi. "Leo ukifika, we nyanyua mkono tu. Usifikirie sana."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, hajawahi kunifundisha kununua mashine. Njia nzima nilikuwa nayatafuna maneno yale nyuma ya farasi. Lorene ni dada yake Freeman, na Freeman alikuwa chini ya ile randa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nguo yenyewe niliyovaa aliipiga pasi yeye.

Mnada ulianza kwa vitu vidogo. Wenzangu waligombea jiliwa na misumeno ya mkono kana kwamba ndiyo ya mwisho duniani. Msumeno wa mkanda Freeman aliupigania mpaka akaupata. Nikamwona anacheka, nikajua ana pesa za kuchezea. Kisha dalali akaja kusimama mbele ya randa, na watu wapatao arobaini wenye kofia za majani wakamzunguka.

"Dola elfu tatu, nani ananianzia na elfu tatu?"

Wenzangu wote, ambao juzi walikuwa wanaipapasa mashine ile kama ng'ombe wa maziwa, sasa walikuwa wanatazama buti zao.

"Elfu mbili basi. Elfu moja."

Nilikuwa na zaidi ya hizo mfukoni, tena bila deni. Mkono wangu ulitaka kupanda. Lakini nikajiuliza, kwa nini hawaitaki? Watu arobaini wanaojua mashine kuliko wanavyojua watoto wao. Kuna kitu wamekijua ambacho rula yangu haikukiona. Kuna ufa mahali Freeman alipolala chali, na wote wameambiwa isipokuwa mimi.

"Mia tano," dalali akasema. "Mabwana, najua inakula umeme, lakini nyie umeme mmeanza lini?"

Wakacheka kidogo. Freeman akageuka, akanitazama moja kwa moja, akanyanyua nyusi. Wala sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa ananisubiri niingie mtegoni, aende kusimulia. Nikatumbukiza mkono mfukoni, nikaufumba.

"Mia tatu. Hata mia tatu?"

"Mia mbili na hamsini," sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Duane Pickett, Mwingereza anayenunua vyuma chakavu.

Dalali akanitazama. Hakutazama mtu mwingine, alinitazama mimi tu, akangoja kidogo. Nikasema moyoni, kumbe hata huyu yumo. Nikatikisa kichwa. Nyundo ikagonga.

Watu wakaguna kwa pamoja. Freeman alikuwa ameanza kunyanyua mkono, amechelewa, ukabaki hewani. Akaushusha, akaja kwangu polepole.

"Orva, mkono wako unauma?"

"Mkono wangu mzima. Nyie ndio mniambie randa ina nini."

"Haina kitu. Ni randa bora kuliko yangu." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini. "Tulikubaliana baada ya ibada, wanaume wote. Hakuna wa kunyanyua mkono mpaka wewe uichukue. Nilidhani unangoja ishuke zaidi. Nikasema moyoni, shemeji leo ana ubahili wa pekee."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungekuja?"

Jibu nilikuwa nalo: nisingekuja. Nilimtazama Ora Yutzy, akaitazama mvua yake isiyokuwepo.

Nikamkimbilia Pickett. Alikuwa anafunga mnyororo kwenye randa aivutie kwenye lori. Nikamwambia nitampa elfu moja.

Akaacha mnyororo. "Elfu moja?"

"Sasa hivi, mkononi."

"Ngoja kwanza, bwana. Dakika tano zilizopita hukuitaka kwa mia tatu."

"Nilikosea."

"Na hao wenzako arobaini nao walikosea?" Akawatazama, na wao, Mungu awasamehe, wote walikuwa wamesimama wanatutazama bila kupepesa macho. "Mna nini nyie?"

Nikamweleza ukweli wote, moto, mchango niliokataa, makubaliano ya kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Tabasamu lile nalijua, ni la kwangu nikiona rangi mpya.

"Hadithi tamu," akasema.

"Elfu mbili," nikasema. "Elfu mbili na mia nane. Sina zaidi."

Ningenyamaza pengine ningeipata. Kila nilipopandisha, macho yake yalizidi kuwa membamba. Akaikagua mashine juu na chini, akagongagonga kwa funguo.

"Siuzi kitu ambacho sijajua kina nini ndani. Naenda kuifungua kwanza."

Freeman alikuja kumsihi, shemasi naye akaja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mwingereza akiona mashemasi wanabembeleza chuma atafikiri nini? Akaivuta juu ya lori, akaifunika turubai, akaondoka nayo.

Nyumbani Lorene alikuwa amefagia karakana. Katikati ya sakafu alikuwa amechora kwa chaki mraba wa saizi ya ile randa, na mkanda mpya ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye ekseli ya juu inayozungushwa na injini, unangoja. Alitoka nje akijifuta mikono kwenye aproni, akatazama kigari changu cha farasi, akatazama barabarani nyuma yangu.

"Wanaileta kwa lori?"

"Sikunyanyua mkono," nikasema.

Hakuniuliza kwa nini. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hakuhitaji kuuliza. Akarudi ndani kukata pai, kwa sababu vigari vilikuwa vimeanza kukunja kona kuingia kwetu. Walikuwa wamealikwa kuja kuishusha mashine, na watu wetu wakialikwa huja.

Walikula wamesimama, wakizungumza habari za mahindi. Freeman akaenda kwenye kigari chake, akarudi na kitu kizito kimefungwa kwenye gunia, akakiweka mezani kati ya sahani. Ilikuwa puli ya chuma, mpya, imechongwa ikang'aa.

"Ndiyo niliyokuwa naipimia siku ile, nikaichonga usiku uleule," akasema. "Ekseli ya mashine ile si ya kipimo cha kawaida. Haitaingia kwenye nyingine yoyote."

Nilisikia baadaye kwamba Pickett aliifungua randa yote, kipande kwa kipande, hakukuta kitu, na alipoikusanya haikukubali kurudi. Akaiuza kwa kilo.

Puli ninayo. Inazuia mlango wa karakana usipigwe na upepo. Jumapili hukaa hapo mlangoni nikiutazama ule mraba wa chaki ambao Lorene hataki kuufuta, na Jumatatu gari la kiwanda likipiga honi, natoka.