Kiberiti Hajarudisha Jezi

Kiberiti alipoanza kukataa chakula, binti yake alidhani ni deko la uzee. Mtu akizeeka hurudi utotoni, na mtoto akinuna hubembelezwa. Basi akambembeleza. Akampikia uji mwepesi, akautia sukari ya kumharibu mtu meno, kama mzee angekuwa bado nayo. Mzee akageukia ukuta.

"Siwezi kula," akasema. "Sijarudisha jezi."

Binti huyo ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Fundi tu. Alishusha bakuli chini taratibu, maana hapo ndipo alipoelewa. Akili ya baba yake ilikuwa imerudi mbali sana, kwenye timu ya taifa ya kwanza, ile aliyoichezea winga ya kushoto kabla Fundi hajazaliwa.

Enzi hizo nchi ilikuwa changa na mfuko wake umetoboka. Timu nzima ilikuwa na seti moja ya jezi: pamba nzito, kijani iliyokolea, ukosi mweupe, namba zimeshonwa kwa mkono. Mvua ikinyesha, jezi ilikunywa maji mpaka winga akahisi amebeba mtoto mgongoni. Mechi ikiisha, mtunza vifaa alisimama mlangoni na kapu. Weka jezi, nenda ukale. Huna jezi, huna sahani. Hata siku ile walipowafunga majirani wakubwa na watu wakakesha barabarani wakiimba, Kiberiti alirudi kwao kifua wazi chini ya koti la kuazima.

Baadaye kila serikali ilikuja na rangi yake. Aliyepindua wa kwanza alitaka nyekundu. Aliyempindua yeye akaona nyekundu ina nuksi, akaleta njano. Siku hizi ni njano yenye michirizi myeusi, na kila mchezaji hupewa jezi mbili kwa mechi, moja amtupie shabiki. Timu yenyewe haimfungi mtu, lakini inapendeza. Fundi alikuwa anakula kwa jezi hizo hizo. Alishona za kuiga, akaziuza nje ya uwanja, na michirizi ikipinda kidogo hakuna aliyerudi kulalamika.

Kaka yake alisema mzee apelekwe hospitali. Akapelekwa. Wakamtundikia dripu, akaichomoa, akamuuliza nesi kapu liko wapi. Daktari hakuzungukazunguka: mzee huyu asipokula, wiki haimalizi. Wakarudi naye nyumbani, kaka kambeba mgongoni kama mzigo wa kuni, mwepesi kuliko kuni.

Fundi akachomoa jezi moja ya njano kwenye rundo lake. "Baba, jezi hii hapa. Rudisha, ule."

Mzee akaisugua kwa kidole gumba. "Ya nani hii? Unataka nikamatwe na jezi ya watu?"

Katika timu ile alikuwa amebaki hai mwingine mmoja tu, kipa, aliyeitwa Mlango. Marafiki walisema ni kwa sababu hapitiki. Maadui walisema ni kwa sababu alikuwa wazi daima. Fundi alimfuata kwake mbio, kanga imemlegea, hana hata salamu ya maana.

"Baba mdogo, jezi yenu ilikuwaje? Niambie yote, baba anakufa."

Mlango akafumba macho. Mikono mirefu, akasema. Vifungo viwili shingoni. Na zile moja mbili za namba kumi na moja mgongoni kwa baba yako, moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake, kitambaa kilimwishia mshonaji. "Na iwe nzito, mwanangu. Usimpe hivi vitambaa vyenu vya kuteleza." Kisha akavaa viatu akafuatana naye.

Maisha yake yote Fundi alikuwa ameshona kwa haraka. Hii aliishona kwa woga, kila mshono akiutazama mara mbili. Alipomaliza alimvika baba yake. Jezi ilimning'inia. Mzee akapeleka mkono nyuma, akapapasa, vidole vikaikuta ile moja fupi.

"Ndiyo hii," akasema.

Akaivua mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kapu la nguo ambalo Fundi alikuwa amelishika. Fundi akachota uji haraka, akapeleka kijiko. Mzee akafunga mdomo.

"Wenzangu je?"

"Wenzako wepi, baba?"

"Wewe ni mgeni? Moja ikikosekana, timu nzima haili chakula. Wote turudishe ndiyo tukae mezani."

Mlango, aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango, akaanza kufungua vifungo vya shati lake la drafti. Akalivua, akalikunja, akaliweka kapuni, mbavu zake za kizee zote nje.

"Ya kipa hiyo, Kiberiti."

Mzee akachungulia, akaridhika. "Ya kipa imefika. Bado tisa. Wale wanapiga soga bafuni, unawajua."

"Nawajua," Mlango akasema. Karibu wote alikuwa amebeba majeneza yao.

"Kijiko kimoja tu, baba," Fundi akasihi. "Kimoja, wakati tunawangoja."

"Mwanangu, wewe ungekula wenzako wako nje?"

Tangu augue hakuwa amemwita mwanangu, na sasa alimwita hivyo ili amkatalie. Fundi akalia waziwazi, kijiko mkononi, uji ukimdondokea miguuni. Kisha akaenda kwenye cherehani. Kitambaa cha kijani kilichobaki hakikutosha hata mkono mmoja.

Akapanda kiti akaanza kuvua mapazia.

"Utazishona zote tisa?" kaka yake akauliza.

"Unataka nishone nini, sanda?" akamfokea.

Alijua kabisa kwamba hata akizimaliza, mzee atauliza wenyewe wako wapi. Akatandaza pazia sakafuni, akapiga magoti, akashika mkasi.

"Baba mdogo," akasema, "beki wa kulia alikuwa na mwili gani?"