Mtoto wa Mababa Wawili

Usiku wa jana, nikiwa nimesinzia na kitabu cha Uraia kifuani, niliota niko kliniki ya watoto, kwenye foleni, na mtoto mgongoni.

Nieleze kwanza. Nasoma masomo ya jioni huku namlea binti yangu Yusra, ambaye bado ananyonya. Mwalimu Mkumbwa ametupa mdahalo: maadili ya watu wa Magharibi yanasimama juu ya Ukristo, au juu ya uliberali usiofuata dini yoyote? Nilitakiwa kuchagua upande. Nilichagua usingizi.

Basi, zamu yangu inafika. Namfungua mtoto mgongoni, kumbe siyo Yusra. Ni mtoto mwingine, mzito, ananitazama kama tunajuana. Nikaona si vizuri kupoteza zamu. Nikamwingiza kwenye ule mfuko wenye matundu ya miguu, nikamning'iniza kwenye mizani.

"Huyu anaitwa Kila Mtu Ana Thamani," mizani ikasema, kwa sauti ya mtu aliyekosa chai. "Kazaliwa Ulaya. Baba yake nani?"

"Sijui. Mimi nimembeba tu."

"Basi hashuki mpaka baba ajulikane. Ndiyo utaratibu."

Sikushangaa. Nilipokuwa na mimba ya Yusra, kliniki ya kwanza walinirudisha kwa sababu nilikwenda peke yangu. Baba yake yuko machimboni.

Wakatokea wanaume wawili. Mmoja mzee, joho lake limedondokewa nta ya mishumaa. "Mimi ni Ukristo," akasema. "Mtoto ni wangu."

Wa pili kijana, kavaa suti na miwani. "Mimi ni Uliberali. Namheshimu mzee, lakini mtoto ni wangu."

Benchi letu likawa benchi la kanisa. Hakuna aliyehama.

"Kabla yangu," Mzee akasema, "Warumi walikuwa wanatupa vichanga jalalani. Nani aliwaambia kila kichanga kina sura ya Mungu?"

"Wewe. Halafu ukawachoma moto waliokuuliza maswali. Mimi ndiye niliyesema hata asiyesali ana haki."

"Ulijifunza mezani kwangu hayo."

"Nikaondoka mezani kwako kwa sababu ulinipiga."

Kanisa likawa bunge. Mama Zawena, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaguna.

"Hawa mbona kwetu walikuja pamoja? Mmoja kashika msalaba, mwenzake kashika kamba ya kupimia mashamba yetu. Leo hawajuani?"

"Muulize kijana," akasema Mzee.

"Muulize mzee," akasema wa suti.

"Mababa wawili," Mama Zawena akaniambia, "na hakuna aliyekuja na nepi!"

Nacheka, kisha nauona mshale wa mizani. Unarudi nyuma. Kila mmoja akisema "wangu", mtoto anapungua. Miguu yake imekuwa kama njiti ndani ya yale matundu. Analia, na sauti inazidi kuwa ndogo.

"Jamani, mtoto ana njaa," nasema.

"Hilo si swali lililo mbele yetu," wakajibu kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

"Basi mshushe," naiambia mizani.

"Baba kwanza."

Nimechoka. Mchana nimefua, jioni nimesoma, na hata usingizini napangiwa foleni. Lakini mtoto akilia vile, kifua hakisubiri hoja iishe. Nikapanda juu ya benchi, nikafungua vifungo, nikamnyonyesha akiwa ananing'inia vilevile.

Mzee akageukia ukutani kwa heshima. Wa suti akatangaza kwamba ni haki yangu kunyonyesha popote, kisha naye akageukia ukutani.

"Wewe dini gani?" mizani ikaniuliza.

"Nimechoka."

Ikafikiri. "Na chama?"

"Nimechoka."

"Huyu mtoto ni nani yako?"

"Ndiyo kwanza namjua."

Mshale ukaanza kupanda, polepole, kama mgonjwa anayejaribu kukaa kitandani. Mizani haikuuliza tena.

"Lakini atakuwa wa nani?" wanaume wakauliza, bado wanautazama ukuta.

"Akishiba mtamuuliza. Kwa sasa mmoja alete maji, mwingine atafute nepi."

Wakatazamana. Wakatoka pamoja, wanabishana nani alete nini, lakini wanatembea.

"Haya, shuka," mizani ikamwambia mtoto.

Akanidondokea mikononi, mzito, anacheua. Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Yusra analia kando yangu, hajanyonya tangu tulipolala. Nikampa ziwa la kushoto. Akavuta, akaachia, akavuta tena, akakasirika. Nikalishika. Lilikuwa jepesi, limelegea kama leso iliyokamuliwa. La kulia lilikuwa limejaa mpaka linauma.

Nikamhamishia la kulia. Kabla hajalishika, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Kulikuwa na mwenzio."