Mkunjo wa Mama Mkwe

Mvuke ulimpiga usoni kabla hajamaliza kufunga aproni, naye akaupokea kama mtu anavyopokea salamu ya ndugu wa siku nyingi. Mashine mbili za kufulia zilikuwa zinanguruma; ya tatu ilikuwa bubu, imefunguliwa tumbo, ikingoja kipuri ambacho, kwa maelezo ya wenyeji, kiliagizwa tangu mwaka juzi. Toroli la shuka chafu za wodini lilikuwa limefurika. Glavu hazikuwapo. Hata hivyo Bi Pasi alikuwa anatabasamu peke yake.

"Wewe unacheka nini?" aliuliza Mwanya, shoga yake wa zamani, aliyebatizwa jina hilo kwa ajili ya meno yake ya mbele. "Mshahara wenyewe hujauona."

"Nachekea kelele, shoga. Nyumbani nilizoea mlio wa saa ya ukutani."

Jina la Bi Pasi alikuwa amepewa humu humu, katika udobi wa hospitali, enzi za ujana wake. Aliliacha pamoja na kazi siku mama mkwe wake alipopooza. Kwa miaka tisa alimwosha, alimlisha, alimgeuza ubavu huu na ule, hadi bibi kizee alipofumba macho. Sasa karakana ya mumewe ilifunguliwa siku ambazo wateja walikumbuka kuja, na bei za sokoni hazikumngoja mtu. Asubuhi ile mume alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko kama mgeni.

"Sasa chai nani atanichemshia?"

"Sufuria haing'ati, mume wangu. Ishike tu."

Mzee alicheka, kisha akambebea mkoba hadi barabarani.

Msimamizi wa udobi, kijana mwenye saa kubwa mkononi, hakuwa na maneno mengi. "Mama, leo ni majaribio. Jioni afisa utumishi anapita. Akiridhika, umeajiriwa. Asiporidhika, mlango ndio ule."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Kazini hakuna mwanangu, mama."

"Kumbe mama yupo!" alidakia Mwanya, na udobi mzima ukaangua kicheko, msimamizi mwenyewe akijiuma midomo.

Kazi ilimrudia mwilini upesi kuliko alivyotumaini. Alipakia, akapakua, akalisha shuka kwenye mashine ya pasi, kiuno kikimlalamikia naye akikinyamazisha. Wakati wa mapumziko alikunywa chai iliyotengenezwa na mtu mwingine, ameketi, na mara mbili aliinuka nusu akidhani ameitwa. Hakuna aliyemwita. Alirudi kwenye benchi akiona haya, na furaha ikamjaa tena hadi kooni.

Alasiri alipewa kazi ya kukunja. Alikunja huku akipiga soga, vidole vikienda vyenyewe, rafu moja ikajaa, ya pili ikafuata. Alikuwa bado anamdodosa Mwanya kuhusu mkwe wake mpya wakati afisa utumishi alipoingia, akavuta shuka moja na kuinua nyusi. Nusu yake ilikuwa imekunjwa bapa. Nusu ya pili ilikuwa imeviringwa kama mkeka.

"Nani amekunja hizi?"

"Labda mashine, bwana, siku hizi..." Mwanya alianza.

"Ni mimi," alisema Bi Pasi. Alizitazama rafu, na hapo ndipo alipoona kilichofanywa na mikono yake. "Mgonjwa asiyeinuka, shuka yake hukunjwa hivyo. Ile iliyoviringwa unaisukuma chini ya mgongo, unamgeuza, unaivuta upande wa pili. Ndivyo nilivyomtandikia mama mkwe." Kutwa nzima alikuwa amefurahi, kumbe mikono ilikuwa bado inamtandikia marehemu.

"Hapa zinakunjwa mara nne, zote sawa. Utazirudia."

"Nitazirudia, bwana."

Afisa alimwangalia kidogo. "Kazi umepata. Watu tunawahitaji." Moyo wa Bi Pasi uliruka. "Ila utaanza kama mwanagenzi, kwa mshahara wa mwanagenzi. Aliyekaa bure zaidi ya miaka mitano, utumishi wake wa nyuma hauhesabiki. Ndiyo kanuni."

"Kukaa bure?"

"Kuwa nyumbani, mama. Unakubali au hukubali?"

Mwanya alimkazia macho: kubali, shoga, kubali. Bi Pasi alijua kwamba nje ya mlango ule kulikuwa na wanawake wa umri wa binti yake wanaongoja nafasi hiyo hiyo. Alijua pia, na hili lilimshangaza, kwamba asingependa kuwa mahali pengine popote kesho asubuhi.

"Kazi naikubali, kwa mikono miwili," alisema. "Kukaa bure sikubali. Sikukaa."

"Ni maneno ya kanuni tu, mama."

"Basi aliyeyaandika hajawahi kumgeuza mtu mzima kitandani."

Mashine ya pili ililia kengele yake.

"Niwie radhi, bwana," alisema Bi Pasi, akishika toroli. "Shuka zangu zimeiva." Akaondoka nalo, shingo imenyooka, akimwacha afisa amesimama na shuka iliyoviringwa mikononi, asijue aiweke wapi.